Mwanasaikolojia mtafiti jeshini: kazi isiyo ya kumtibu mtu wala kumhoji mtu

MtuWaKibiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda anatokea kijana humu anauliza, "Nimesoma saikolojia, jeshini nitafanya nini?" Majibu huwa yaleyale. Wa kwanza atamwambia atawapa askari ushauri nasaha. Wa pili atamwambia atahoji mateka. Kisha uzi unahamia kwenye siasa na kijana anaondoka mikono mitupu.

Mimi nipo Ohio, mwaka wa nne wa PhD, na kazi ninayoinyemelea haimo katika hayo mawili. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina fani ya maafisa inayotajwa kwa namba, 71F, mwanasaikolojia mtafiti. Msichanganye na 73B, ambaye ni mwanasaikolojia wa tiba. Huyo ndiye anayekaa na askari aliyerudi vitani na usingizi ukamkimbia. 71F hana wagonjwa. Ana maabara, ana maswali, na ana mafaili ya takwimu za watu waliokubali kwa hiari yao kunyimwa usingizi ili wapimwe. Ni wachache mno. Nimetumika miaka minne na sikuwahi kukutana na hata mmoja.

Niliingiaje huku? Nilishinda bahati nasibu ya viza, nikapata ukazi wa kudumu, nikajiunga kama askari wa kawaida, tabibu wa kikosi. Tukawa kwenye mazoezi jangwani, siku ya tano, kila siku tunalala masaa matatu kama si pungufu. Usiku nikapewa zamu ya redio. Saa tisa nikasikia kikosi kinaita. Nikajibu, nikaandika kwenye daftari, nikaona nimefanya kazi. Asubuhi daftari lilikuwa na mstari mmoja tu: jina la mama yangu, mara tatu. Na sikuwa nimemjibu mtu. Waliokuwa wanaita walikaa gizani mpaka alfajiri.

Sajenti alinipa adhabu mbele ya wenzangu, akaniita mzembe. Labda kweli. Lakini nikiwa chini napiga pushapu, swali lililonizunguka kichwani lilikuwa moja: zamu hizi alizipanga nani, na alitegemea nini?

Miaka baadaye nikajua kuna watu wanalipwa kujibu swali hilo. Na mmoja wa waliolianza alifanya kazi umbali wa dakika ishirini kwa gari kutoka ninapopanga chumba, pale palipoitwa Wright Field, uwanja wa ndege za jeshi. Anaitwa Alphonse Chapanis. Wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani wa ndege za B-17 walikuwa wanatua vizuri kabisa, halafu ndege ikiwa bado inakimbia kwenye njia wanayakunja magurudumu na ndege inalala kwa tumbo. Ripoti zikaandika "kosa la rubani". Chapanis akaingia kwenye chumba cha rubani akatazama. Kishikio cha magurudumu na kishikio cha flapu, vile vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, vilikuwa pembeni kwa pembeni, umbo lilelile. Mtu amerudi vitani, amechoka, anataka kukunja flapu, mkono unashika cha jirani. Ndege nyingine ambazo vishikio hivyo havikukaa hivyo hazikuwa na balaa hilo.

Dawa yake? Kishikio kimoja akakiwekea kigurudumu kidogo, kingine kipande chenye umbo la bawa. Vidole vikawa vinajua hata gizani. Mpaka leo ukipanda ndege ya abiria, kishikio cha magurudumu mle mbele kina umbo la gurudumu.

Hakuna rubani aliyepewa ushauri nasaha hapo, na hakuna aliyeadhibiwa. Ndiyo kazi ninayoitaka. Ulizeni, nitajibu ninayoyajua.

---

Kiti cha Mbele

Nimeleta kiti, kahawa na kashata. Tiririka mkuu.

Ila hilo la jina la mama limenigusa.

---

Otis wa Kisumu

Sasa mkuu, mimi nikisikia mambo ya utafiti wa jeshi la Marekani, kichwani inakuja malaria moja kwa moja. Hapa Kenya watu wa Walter Reed, taasisi ya utafiti ya jeshi hilo, wako tangu 1969, na siku hizi wako Kisumu na Kericho, wanafanya kazi na KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba. Mjomba alikuwa dereva wao miaka mingi. Sikuwahi kumsikia akitaja saikolojia hata siku moja. Ni wale wale ama ni wengine?

---

MtuWaKibiti

Ni walewale, Otis. Makao yao ni Silver Spring, Maryland. Mlango mmoja ni wa mbu na chanjo, mlango mwingine ni wa usingizi na akili ya askari. Huko Kisumu mliletewa mlango wa mbu.

Wa usingizi ndio unaonitoa udenda. Mwaka 2003 walichapisha utafiti wa watu 66 walioishi maabara. Kwa siku saba, kundi moja lilipewa kitandani masaa 3, jingine 5, jingine 7, jingine 9. Kila siku wanapimwa: kaa mbele ya kijisanduku kwa dakika kumi, kitu kikiwaka, bonyeza. Basi. Mchezo wa kijinga mpaka ukeshe. Wa masaa 3 walizidi kuharibikiwa siku hadi siku. Lililonishtua ni hili: baada ya hapo wakapewa siku tatu za kulala masaa 8, na waliobanwa usingizi bado hawakurudi walivyokuwa mwanzo. Sasa mfikirieni kamanda anayesema, "Wiki hii tunakesha, Jumapili mtalala." Deni halilipwi Jumapili.

Watu haohao wametafiti bigijii yenye kafeini, miligramu 100 kwa kipande, maana kafeini ikipitia mashavuni inawahi damuni kuliko kahawa inayosubiri tumbo. Jeshi likainunua kweli.

---

Afande Mstaafu

Sisi tulitafuna mahindi ya kukaanga.

---

Binti Makulu

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Dodoma, mwaka wa tatu saikolojia. Naomba njia yenyewe kaka, hatua kwa hatua, na usinifiche ugumu.

---

MtuWaKibiti

Marahaba mdogo wangu. Ugumu ndio naanza nao.

Uafisa wa jeshi la Marekani unahitaji uraia wa Marekani. Mwenye ukazi wa kudumu anaweza kujiunga kama askari wa kawaida, hata mimi ndivyo nilivyoanza na ndivyo nilivyoupata uraia, lakini kamisheni bila uraia hakuna. Ukiwa Mtanzania jua unachokiacha, sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya yeye tangu Katiba ya 2010 anaweza kubaki na wa nyumbani. Hili nimelilalia na kuliamkia mwaka mzima, na sitamshauri mtu kwa wepesi.

Pili, elimu. Wanataka shahada ya uzamivu ya saikolojia ya kitafiti: ya majaribio, ya utambuzi, ya mahusiano ya mtu na mashine, ya kazi na taasisi, ya jamii. Hapa wengi hupotea. Kuna PhD na kuna PsyD. PsyD ni ya kutibu na mara nyingi unalipa mwenyewe, madeni hadi shingoni. PhD ya utafiti katika vyuo vingi vya huku wanakusamehe ada na kukupa posho ili ufundishe au ufanye kazi maabara. Posho ni ya kununulia mchele na kugawana kodi ya nyumba na wenzako, lakini hudaiwi. Inachukua miaka mitano, sita.

Ukimaliza unaomba kamisheni ya moja kwa moja, kwa kawaida unaanza na ukapteni kwa sababu ya elimu, katika kikosi cha huduma za tiba. Mafunzo ya uafisa ni Fort Sam Houston, San Antonio, Texas. Halafu unapangiwa: Silver Spring kwenye usingizi na afya ya akili, Natick kule Massachusetts wanakopima baridi, joto, njaa na mzigo mgongoni, au Alabama kwenye maabara ya marubani wa helikopta.

Ukipenda bahari, wanamaji wana wanasaikolojia wao wa anga. Wanafundishwa Pensacola, Florida, pamoja na kurusha ndege kidogo na kujiokoa majini, na wanavaa mabawa kifuani. Nimeona picha zao nikawaonea wivu, kisha nikakumbuka siwezi kuogelea.

Asiyetaka magwanda kabisa anaweza kuwa mtafiti raia. Jeshi lina taasisi ya utafiti wa tabia na sayansi za jamii, Fort Belvoir, Virginia, na wengi wao pale ni raia wenye suti.

Sasa wewe wa Dodoma leo. Takwimu, mdogo wangu. Takwimu, halafu takwimu tena. Programu ya R ni ya bure. Watu wanakuja kwenye fani hii kwa kupenda binadamu, wanakuta wiki nzima wanasafisha jedwali.

---

Chuma cha Pua

Uzi mzuri lakini umepaka asali sana. Nitaweka ndimu.

Mkuu umetaja vishikio vya ndege, hujataja Guantánamo, lile gereza la jeshi la Marekani kule Kuba. Ripoti ya Seneti ya Desemba 2014 ilionyesha kampuni ya wanasaikolojia wawili, Mitchell na Jessen, wote waliowahi kuwa jeshi la anga, ililipwa na CIA dola milioni 81 kwa mpango wa mahojiano uliojaa mateso. Mwaka uliofuata ripoti ya Hoffman ikasema viongozi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani walishirikiana na wizara ya ulinzi kulegeza maadili ya chama ili yasiwabane. Chama chenyewe kikaja kuwapiga marufuku wanasaikolojia kushiriki mahojiano ya namna hiyo Agosti 2015, baada ya maji kumwagika.

Na msidhani ni ya mbali. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha ripoti ya J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuiongoza hospitali ya Mathari, kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu wamenyang'anywa ardhi, yeye akaona tatizo ni akili iliyokwama kati ya mila na usasa. Huyo naye alikuwa mtafiti. Naye alikuwa msomi.

Swali langu: siku kamanda akikuletea kazi ya namna hiyo, utasema nini, kapteni?

---

Kiti cha Mbele

Nasogeza kiti.

---

MtuWaKibiti

Chuma, hayo yote ni kweli na sina la kuyakanusha. Ongeza na hili, maana limo katika kitovu cha fani yenyewe. Mwaka 1917 Robert Yerkes na wenzake walitunga mitihani ya akili ya jeshi, Alfa kwa wanaosoma, Beta kwa wasiosoma au wasiojua Kiingereza. Walipimwa watu kama milioni 1.7. Katika Beta kulikuwa na picha, unaambiwa ujaze kinachokosekana. Picha moja ni watu wanacheza tenisi, wavu haupo. Nyingine gramafoni isiyo na pembe. Sasa mchukue mkulima kutoka Sisilia, juzi ameshuka meli, hajawahi kuona tenisi wala gramafoni. Akikosa, anaandikwa akili ndogo. Miaka michache baadaye namba zilezile zikatembezwa na watu waliotaka wahamiaji wafungiwe milango. Mimi mhamiaji mwenyewe nilipoisoma picha ya gramafoni nilicheka, halafu nikanyamaza.

Ndiyo maana swali la Chapanis nalipenda kuliko la Yerkes. Yerkes aliuliza mtu huyu ana kasoro gani. Chapanis aliuliza kasoro gani imo kwenye kile tulichompa mtu huyu.

Kuhusu kamanda. Cha kwanza, mahojiano si kazi ya 71F, lakini najua jibu hilo halitoshi, kwa sababu utafiti hauna ukuta. Ukijua mtu anavunjika baada ya siku ngapi bila usingizi, umejua cha kumlinda nacho na cha kumvunja nacho. Karatasi ni ileile. Nitakataa? Nasema ndiyo nikiwa nimekaa kwenye kochi Ohio. Sajenti aliponiita mzembe sikufungua mdomo.

---

Chuma cha Pua

Jibu hilo nalipokea kuliko ungeniapia. Endelea.

---

Bibi Kizimkazi

Mwanangu MtuWaKibiti, nimesoma yote. Mimi ni muuguzi hapa Maryland, nina wanajeshi wastaafu wodini kila siku. Umeukana uraia wa kwenu kweli? Mama anajua?

---

MtuWaKibiti

Shikamoo bibi. Anajua. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nitazikwa Kibiti. Nikamwambia ndiyo.

---

Afande Mstaafu

Nimesoma kimya. Nimetumikia JWTZ miaka 22, na Kongo nimefika, mwaka 2013 na baadaye tena. Waliotuchagua sisi walitumia macho ya sajenti: mwenye kifua, mwenye kukimbia, asiyejibu ovyo. Na sajenti mzuri hakosei sana, hilo vijana wa vitabu mlijue.

Lakini baada ya Semuliki, kule Kongo kambi yetu iliposhambuliwa Desemba 2017, nilimwona kijana mmoja shujaa kuliko sisi sote. Alikuwa nyumbani, mzima, analala uani kwa sababu chumbani anahisi hapumui. Tulipomwambia aende hospitali alisema akienda wataandika. Sikumlazimisha. Hilo ninalo mpaka leo.

Hao watafiti wako wamewahi kuligusa hilo la "wataandika"?

---

MtuWaKibiti

Shikamoo afande. Pole sana, kwako na kwake.

Wameligusa, na pengine ndilo la maana kuliko bigijii zote. Mwaka 2004 watu wa Walter Reed, Charles Hoge na wenzake, walichapisha utafiti wa askari wa miguu na wa kikosi cha marines waliopigana Iraki na Afghanistan. Walijaza fomu bila majina, ndiyo maana wakasema kweli. Kati ya wale ambao majibu yao yalionyesha tatizo la akili, waliotafuta msaada walikuwa asilimia 23 hadi 40 tu. Na walioonyesha kuumia ndio waliokuwa na hofu zaidi ya kuonekana dhaifu, wakubwa kuwatazama vingine, wenzao kutowaamini. Neno kwa neno ni kile alichokisema kijana wako wa uani.

Kabla ya hapo kamanda angeweza kusema, "Vijana wangu hawana shida, mbona hakuna anayekwenda hospitali." Baada ya hapo hawezi tena, kutokwenda kwenyewe kumekuwa dalili. Timu zilikuwa zimekwishaanza kupelekwa Iraki tangu 2003 kuwauliza askari wakiwa hukohuko vitani, na wanasaikolojia watafiti walikuwamo. Mtu mwenye PhD, na kofia ya chuma, anagawa fomu.

Na kuna kanuni moja ya utafiti wa jeshi ambayo ningependa kila bosi duniani aisome. Unapowaita askari kuwaomba washiriki, mkubwa wao haruhusiwi kuwapo. Luteni, sajenti, wote nje. Kwa sababu mbele ya mkubwa, "kwa hiari" ni neno tu. Na utafiti ukiwa na hatari zaidi kidogo, lazima awepo mtu wa pembeni asiyehusika, kazi yake kuhakikisha hakuna aliyesukumwa.

---

Afande Mstaafu

Luteni atoke nje. Hiyo kwetu ingekuwa vita nyingine.

Asante kijana.

---

Otis wa Kisumu

Na sisi wa huku, hakuna kitu ya kufanya bila kwenda Amerika? Si kila mtu atashinda hiyo bahati nasibu.

---

MtuWaKibiti

Kipo, Otis, na hakihitaji bunduki. Chukua Norman Mackworth. Mwingereza, wakati wa vita aliulizwa kwa nini waendesha rada wa ndege wanakosa nyambizi ambazo zimo kwenye kioo chao. Akatengeneza saa yenye mshale mmoja unaoruka hatua hatua. Mara mojamoja unaruka hatua mbili. Kazi yako ni kuona ile ya mbili, kwa masaa mawili. Baada ya nusu saa tu watu wakaanza kuikosa. Utafiti ulichapishwa 1948 na bado unanukuliwa. Saa na mshale.

Sasa huko kwenu hakuna watu wanaokaa usiku kucha wakitazama kitu ambacho mara nyingi hakitokei? Mlinzi wa geti. Muuguzi wa zamu. Dereva wa basi la usiku. Anayetazama kamera za duka.

---

Binti Makulu

Kaka umenipa mada! Natafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho tangu mwezi wa kumi. Walinzi wa usiku. Kuna kampuni mtaani kwetu ina walinzi zaidi ya thelathini. Nianzie wapi?

---

MtuWaKibiti

Anza na kibali cha chuo, kisha karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili ambacho mlinzi mwenyewe atakielewa, si cha profesa.

Kipimo ni kile cha dakika kumi, zipo programu za simu. Tumia simu moja kwa wote, maana simu tofauti zina kasi tofauti na utapima simu badala ya watu. Mpime kila mmoja mwanzoni mwa zamu na tena saa kumi alfajiri. Hesabu mara ngapi alichelewa kubonyeza zaidi ya nusu sekunde. Hiyo ndiyo namba yako. Muulize alilala masaa mangapi mchana, na kama ana kazi nyingine. Utashangaa wangapi wanatoka lindo wanaingia kwenye bodaboda.

Majina usiandike, wape namba. Na bosi asipate matokeo ya mtu mmojammoja, hata akikununulia soda. Ukimpa, wiki ijayo kuna mlinzi hana kazi na wewe ndiye uliyemfukuza.

---

Bibi Kizimkazi

Na wewe binti ulale. Huwezi kupima usingizi wa watu huku umekesha.

---

Kiti cha Mbele

Uzi wa mwaka huu. Binti ulete mrejesho, usituache hewani kama wale wa "nitarudi".

---

Binti Makulu

Nimerudi, wiki ya saba. Kibali kimetoka, jana nimekutana na walinzi kuwaeleza. Walikuja kumi na tisa.

Bosi aliingia nao, akavuta kiti akakaa mbele kabisa. Akawaambia, "Huyu ni mwanangu, mtashiriki wote." Wote wakaitikia ndiyo mzee. Nikakumbuka uzi huu. Mapigo ya moyo hayo! Nikamwambia, "Baba, samahani sana, utaratibu wa chuo unataka wabaki peke yao." Alinitazama muda mrefu. Akacheka, akatoka, lakini akasimama dirishani kwa nje, kofia yake inaonekana.

Nikawageuza wote viti, wakalipa dirisha mgongo. Nikaanza upya. Waliokubali ni kumi na mmoja.